Aliachia, Iliachia

Jumanne, tarehe 3 Mei

Ndugu yako ameanguka kutoka ghorofa ya kumi na moja na sasa hivi yuko jikoni anakaanga mayai!

Soma tena, sijakosea. Kumi na moja. Mayai manne. Na anaimba.

Haya, sasa salamu. Hujambo mwanangu, Sindano wangu, muuguzi wa mama yako? Mimi sijambo kabisa isipokuwa magoti, na tangu jana moyo nao umejiunga na magoti.

Jana asubuhi Buibui wetu (waambie wenzako wanaosoma barua zangu begani kwako kwamba ni buibui mdudu, si buibui la kuvaa) alikuwa anaosha vioo vya lile jengo refu la bima. Kazi yake unaijua. Anakaa kwenye ubao, ananing'inia na ndoo na mpira wa kufutia maji, na kila mtu kule ana kamba mbili. Kamba ya kazi ndiyo inayombeba. Kamba ya akiba haifanyi kitu, inangoja tu, kama mama mkwe. Msimamizi wake kaja mwenyewe hapa nyumbani, kofia mkononi, kunieleza. Kwamba pale ghorofa ya kumi na moja aliachia kamba ya kazi, ile ya akiba badala ya kushika ikateleza, ikateleza, ikateleza, ikaja kung'ata ghorofa ya saba. Ghorofa nne, mwanangu! Wafanyakazi wa ghorofa ya nane walimwona anapita dirishani. Mmoja anasema alimpungia mkono. Huyo ni mwongo, lakini ni mwongo mzuri, nimemnunulia soda.

Tangu hapo mpaka jioni nyumba hii haikuwa na pa kukanyaga. Kila aliyeingia nimemwambia: huyo nimemzaa mimi. Fundi viatu akaniletea habari za bahati. Nikamwambia, mwanao alianguka kitandani akavunja mkono, wangu kaanguka ghorofa nne kavunja ndoo, usiniletee bahati hapa. Mwenye duka la dawa akasema, "Mama, mwanao amechungulia kaburi." Nikamjibu: kuchungulia ndiyo kazi yake, na akichungulia anaacha kioo kinang'aa!

Walicheka mpaka mmoja akakalia pasi yangu. Ilikuwa ya baridi. Sindano, nilikuwa na siku njema sana. Naandika hivyo na naona haya, lakini ndiyo hivyo.

Sasa linalonichanganya. Unajua alivyokuwa tangu tumzike baba yenu. Mwaka na miezi miwili mtu anarudi kazini, anakula kama anayejaza fomu, analala. Ukimuuliza, "niko sawa". Ukimuuliza tena, "niko sawa, mama", anaongeza "mama" ili uone umeongezewa. Lakini tangu jana! Amenikumbatia mpaka miwani ikaruka. Amenusa sabuni ya kufulia akasema, "Mama, kumbe hii ina harufu ya limau, tangu lini?" Tangu alipozaliwa! Amesimama kwenye bomba anasikiliza matone kama mtu anayesikiliza hotuba. Leo kaniambia blauzi yangu ya kijani inanipendeza. Ninayo mwaka wa tisa.

Mtu akiponea chupuchupu namna ile, si anapaswa kuogopa? Mimi natetemeka kwa niaba yake, yeye anauliza chumvi iko wapi. Wewe umesoma. Niambie, hii ni furaha au ni homa?

Wamempa wiki tatu za kupumzika. Anarudi kwenye kamba Jumatatu ya tarehe 23, na anazihesabu siku kama bwana harusi.

Usipige simu. Kwenye simu wewe husema "sawa mama", mimi nasema "sawa mwanangu", tunakata, na hakuna aliyesema kitu. Andika.

Mama yako,
aliyezaa chuma na sindano


Jumatatu, tarehe 9 Mei

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu kwenye benchi nyuma ya wodi. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilicheka, mara ya tatu nikaona kitu nitakachokuuliza hapa chini.

Kwanza jibu lako. Ndiyo, tunaliona. Wanaletwa watu waliotoka kwenye gari lililopinduka mara tatu, wanasifia rangi ya dari. Yuko mzee alinyweshwa chai ya hospitali, hii yetu inayofanana na maji ya kuoshea vikombe, akasema hajawahi kunywa chai tangu azaliwe. Mwili ulijiandaa kuondoka, mama, ukawasha taa zote za nyumba ili usisahau kitu, kisha ukaambiwa safari imeahirishwa. Taa hazizimwi siku hiyo hiyo. Baada ya siku chache zinazimika zenyewe na mtu analala, au analia. Ila wapo ambao hawataki zizimike. Hao ndio wanaonitia wasiwasi.

Sasa swali. Umeandika kwamba pale ghorofa ya kumi na moja "aliachia kamba ya kazi".

Mama. Aliachia, au iliachia?

Najua utaniambia ni herufi moja. Herufi moja, lakini ndani yake yumo mtu mzima. Kama ni kamba iliyoachia, hiyo ni ajali na tumshukuru Mungu. Kama ni yeye aliyeachia, basi ni jambo lingine na mayai manne hayalifuti. Na kama ni kamba, mbona msimamizi alikuja na kofia mkononi kukueleza? Mbona hakuja kukuomba radhi?

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya ndugu yangu. Mpe. Usiisome.

Binti yako,
Sindano


Alhamisi, tarehe 12 Mei

Herufi! Mtoto kanusurika kifo, dada yake anasahihisha imla!

Marahaba. Sijambo.

Nikukumbushe kwamba mimi na herufi tuliachana kwa amani darasa la sita. Nimeshona sare za shule nzima na kwenye daftari langu "kifua" nimeandika "kafua" miaka thelathini, na hakuna mtoto aliyewahi kutoka hapa na kifua mgongoni. Mimi "a" na "i" zangu ni ndugu, zinaazimana nguo. Nilikuwa na haraka na fahari, nikaandika ile iliyokuwa karibu. Kamba iliachia. KAMBA. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usije ukauliza tena.

Na huyo msimamizi kuja na kofia mkononi, ulitaka aiweke wapi, ndani ya nyumba ya watu?

Karatasi yako nimempa. Sijaisoma. Uliikunja vibaya, nikaona maneno mawili tu yamejitokeza pembeni, "niambie ukweli". Ukweli gani tena? Aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Nikamuuliza, dada yako anasemaje? Akasema, "Anasalimia." Karatasi nzima, mbele na nyuma, kusalimia tu? Siku hiyo hakuimba. Mayai alikula mawili.

Kisha akakaa mezani kwangu, akasogeza mkasi wangu, akaandika mpaka adhana ya saa kumi. Bahasha ameilamba mno, kama anayefunga tundu la paa. Naiweka hapa, kesho nitaituma na hii yangu.

Unanichanganya, mwanangu. Nilikuwa na furaha yangu nzuri, sasa kila nikiigeuza naona pindo limefumuka.

Mama yako


Alhamisi, tarehe 12 Mei

Dada,

Ni "a".

Niliachia mimi. Tafadhali usirukie mwisho, nenda nami taratibu. Sikutaka kufa. Hilo nalijua kuliko ninavyojua jina langu. Mengine yote sijui.

Ilianza miezi mitatu baada ya kumzika baba. Kamba ya kazi iliteleza kidogo kwenye ukingo uliolowa, ikashuka shubiri moja, ikashika. Shubiri tu. Lakini ndani ya ile shubiri, dada, nilisikia redio. Nyuma ya kioo mtu alikuwa anatafuta stesheni, ule mkwaruzo halafu sauti inajitokeza, kama baba alivyokuwa akifanya kutwa kwenye meza yake ya ufundi. Redio nilikuwa nazisikia kila siku, lakini kama mtu anayesikia wanamwita mwingine. Siku ile waliniita mimi. Mchana mkate ulikuwa na ladha. Nilimcheka mwenzangu alipopaliwa. Nikarudi nyumbani nikataka kumwambia mama, sikujua naanzia wapi.

Asubuhi yake kioo kikarudi. Sijui namna nyingine ya kukueleza. Kati yangu na kila kitu kuna kioo, na mimi naosha upande wa nje tu.

Basi nikaanza kuitafuta ile shubiri. Unafungua kulabu ya kamba ya kazi, unashuka kama hatua mbili, ile ya akiba inakushika. Kwanza mara moja kwa mwezi. Kisha kila Ijumaa. Na kila mara ladha ilikaa muda mfupi zaidi. Jumatatu ile haikuwa Ijumaa, unaelewa? Sikuweza kungoja. Na kamba ya akiba ikateleza.

Kati ya ghorofa ya kumi na ya nane sikumkumbuka Mungu, wala mama, wala wewe. Niliona shati la mtu aliyekaa mezani. Lilikuwa la buluu. Nikawaza, lo, buluu ile! Ni hayo tu. Nimewaza tangu siku hiyo na sipati jibu: kwa nini mpaka nikaribie kukipoteza kitu ndipo nikione kina rangi? Wewe unaishi na watu wa namna hii. Nieleze.

Msimamizi anajua. Nilimwambia mwenyewe nikiwa bado kwenye mkanda. Anasema alimweleza mama vizuri lakini mama alisikia alichotaka. Akaniapisha kwamba sitafungua tena kulabu. Niliapa. Sijui aliyeapa ni mimi yupi. Wiki tatu alizonipa si za kupumzika, ni za kufikiri nimpe jibu kama mimi ni mtu wa kupandishwa tena kwenye kamba.

Na leo asubuhi nimenusa ile sabuni. Limau imeanza kuondoka. Ndicho ninachokiogopa kwa tarehe 23.

Mama usimwambie. Anatembea mtaani kama bibi harusi. Mwache na chuma chake.

Buibui


Ijumaa, tarehe 13 Mei

Nimeifungua.

Kwa mvuke wa pasi. Gundi ilikuwa nyingi lakini pasi yangu ni nzito. Nimeibandika tena, na ningenyamaza ungeapa imetoka kiwandani, lakini sitaki kukudanganya na wewe. Nitatubu baadaye, sasa nisikilize.

Niliandika sawasawa, Sindano. Msimamizi alikaa kwenye kile kiti cha wateja akasema "aliachia". Namsikia mpaka sasa. Sikio likasikia "a", mkono ukaandika "a", kichwa ndicho kilichovaa "i" kikatoka nayo nje kujionyesha. Maisha yangu yote nimekosea herufi. Moja niliyoipata ndiyo niliyoikana, tena kwa herufi kubwa.

Sijui nifanye nini. Ana miaka ishirini na sita, siwezi kumficha viatu. Nikimfokea ataniambia yuko sawa, mama. Nimekasirika. Nimeogopa. Na kuna la tatu ambalo nimekaa nalo tangu asubuhi na sindano ya cherehani imenichoma kidole mara mbili: ile buluu naijua.

Hilo nitamwambia yeye kwanza. Nitamwandikia, kwa sababu nikifungua mdomo nitaanza kujisifu, huo mdomo naujua. Nakala nitakutumia.

Mama


Jumamosi, tarehe 14 Mei
Kutoka chumba cha mbele kwenda chumba cha nyuma

Mwanangu,

Nimesoma barua yako kwa dada yako. Kasirika, halafu rudi hapa usome.

Umenisikia nikiwaambia watu kwenye harusi, kwenye foleni, hata kwa yule aliyekuja kupima mita ya maji: "Daktari aliniambia nikizaa tena nitakufa, nami nikazaa tena, kwa sababu binti yangu alihitaji ndugu." Watu hupiga makofi. Si uongo. Lakini ni gauni la upande mmoja, mgongo sikuwahi kuushona.

Mgongo wenyewe huu hapa. Nilipomzaa dada yako damu ilikataa kukatika. Nikamwona muuguzi anageuza uso ili nisimwone. Nikajua. Nikaenda mbali, sijui wapi, nikarudi. Na niliporudi, maji ya bomba yalikuwa matamu. Matamu kweli, si maneno. Baba yako alikuwa anakunja shuka, nikaviona vidole vyake vyote kumi, kimoja kimoja, nikaona kila kimoja kimeumbwa. Nilikaa hivyo miezi minne. Kisha taratibu ikaisha. Maji yakawa maji, baba yako akawa baba yako.

Nikayatamani yale maji. Mara mbili nilivuka barabara kubwa bila kutazama. Sijamwambia mtu. Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, nikavuka bila kutazama. Kisha nikaenda nikashika mimba yako, na daktari akashika kichwa.

Sasa usiniulize. Nilikutaka wewe, au niliyataka yale maji? Nimekaa hapa na cherehani kimya najiuliza mwenyewe na sipati. Naligeuza hivi, nasema ni wewe. Naligeuza vile, sijui. Yawezekana wewe ni kitu nilichokipata nilipoachia kamba.

Na unajua kilichotokea siku yenyewe? Hakuna. Nilijiandaa, nikaaga watu, nikamwachia shangazi yenu maagizo ya sufuria zangu. Ukatoka kama mtu anayetoka dukani. Hakuna damu, hakuna kwenda mbali. Nikaomba maji nikayaonja: maji. Nikakaa pale nimeudhika, Mungu anisamehe, nimeudhika kwa sababu sikukaribia kufa. Halafu ukapiga chafya. Chafya ndogo, kama paka. Ukashangaa wewe mwenyewe. Nikacheka mpaka muuguzi akaja.

Ile chafya ndiyo iliyonishika. Sijavuka barabara ovyo tena mpaka leo.

Mimi ni fundi. Uzi wa juu ndio watu wanaousifia rangi, lakini mshono unashikwa na uzi wa chini, ule wa kwenye bobini, na huo hakuna anayeutazama mpaka uishe. Sijui kama hii ina maana. Nimeiandika kwa sababu ndiyo niliyo nayo.

Usipande tarehe 23. Sikuamuru. Nakuomba, na unajua mimi siombi.

Mama yako


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, jioni)

Mama,

Chafya? Miaka yote nilidhani nilizaliwa shujaa, kumbe nilizaliwa na mafua.

Pasi yako na mimi tutazungumza.

Sijui nitafanya nini Jumatatu ile. Nisikudanganye. Lakini ulipokuwa unaandika nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nikakusikia unalia. Nilikusikia vizuri sana, mama, mpaka kamasi. Hakukuwa na kioo. Nilikuwa nimekaa sakafuni, chini kabisa, hakuna pa kuanguka, na nilisikia kila kitu.

Sijawahi kukusikia ukilia. Hata siku ya baba. Nilisimama mlangoni kwako, nikanyoosha mkono, nikarudi. Sikujua kama inaruhusiwa kuingia.

B.


Alhamisi, tarehe 19 Mei

Mama, na wewe Buibui, maana najua mtasoma pamoja au mtaibiana:

Bahasha yenu ilikuwa nzito nikadhani mmenitumia kitambaa.

Buibui, umeniomba nikueleze. Ngoja nikueleze mimi nilivyo. Kengele ya dharura ikilia wodini, mimi ndiye ninayefika wa kwanza. Wananisifu. Mama ameuambia mtaa mzima. Wasichojua ni kwamba siku ambayo hakuna anayekata roho natembea nimesinzia, nasahau chakula, sijui hata ni Jumatano. Kengele ikilia ndipo mikono inakuwa yangu. Wiki iliyopita mgonjwa alirudi, alikuwa ameshakwenda tukamrudisha, nikatoka nje nikakuta mvua nikasimama ndani yake kama kichaa. Hatari ilikuwa ya mwingine, Buibui. Ninaishi kwa hatari za watu wengine. Sasa mtu kama mimi akueleze nini?

Familia gani hii, mama? Umetuzalia ugonjwa au kipaji?

Nitasema ninachokikumbuka tu, sina tiba. Siku ya mazishi ulitupanga mlangoni, ukaniminya kiganja, ukasema bila kufungua meno, "Asilie mtu. Wanatutazama." Hatukulia. Mtu mmoja akasema watoto wa mama huyu ni chuma, na wewe ukatabasamu, nilikuona. Sikulaumu. Na mimi nilivimba kichwa. Kisha ukafunga chumba cha redio, alichofanyia baba ufundi wake, ukaweka funguo kwenye kopo la vifungo, na kila mmoja akarudi kazini kwake, mmoja hewani, mmoja wodini, mmoja kwenye cherehani.

Kimefunguliwa? Nauliza tu.

Buibui, mimi ni dada yako na nimechanganyikiwa kama wewe, lakini kazini nimejifunza hili moja: kamba ya akiba haihesabu mara ngapi ilikushika jana.

Jumatatu kabla hujafunga mkanda wowote, mwambie mtu "a". Kwa sauti.

Sindano


Jumatatu, tarehe 23 Mei

Yuko chini! Yuko chini, Sindano, nimemwona kwa macho yangu akiwa amesimama juu ya lami kama watu wengine!

Salamu utazipata ukija.

Asubuhi alivaa viatu vya kazi, akachukua kofia yake. Nikamfungulia mlango. Akafika kwenye kona, nami nikafunga mlango nikamfuata na magoti yangu haya, nikijificha nyuma ya fundi viatu niliyemkokota, ambaye kwa wembamba wake hafichi mtu. Kule kwenye jengo la bima wenzake walikuwa wanajifunga mikanda. Yeye akaenda mpaka kwa msimamizi, akasema, na mimi nilikuwa upande wa pili wa barabara nikasikia: "Niliachia mimi. Na nikipanda leo nitaachia tena." Wale wengine wakaacha kujifunga mikanda. Msimamizi akavua kofia. Sasa nimeelewa anavua kwa nini, haina mahali pa kuwekwa, anavua tu akikosa la kusema. Kisha akasema, "Basi kaa chini unikagulie kamba." Ndiyo kazi yake tangu leo. Kila kamba inayopanda lazima ipite mikononi mwake kwanza, anaivuta, anaitazama, anaikataa. Amekataa mbili kabla ya saa tano! Nimewaambia watu pale kwamba hakuna mkaguzi kama huyo. Wakaniuliza, wewe ni nani? Nikasema, mimi ni mwanaye. Nilichanganyikiwa, mwanangu, nikakosea hata hilo.

Kwa muda gani atakaa chini? Sijui. Nilimuuliza, akasema, "Leo, mama." Nikasema, na kesho? Akasema, "Nimekuambia leo." Na mchana nilimwona mara moja ameinua uso anatazama kule juu, kwa muda mrefu, na sikuupenda ule mtazamo. Sikufichi. Kisha akapiga chafya kwa ajili ya jua. Nilicheka barabarani peke yangu.

Tuliporudi akaomba kopo la vifungo. Nikampa. Tukasimama mbele ya mlango wa chumba cha redio, ufunguo ukakwama, ukakubali. Vumbi, mwanangu! Redio zake zote zimepangana zinatutazama. Na lile dirisha! Mwosha vioo wa mji mzima, dirisha la baba yake halipitishi hata mchana. Mganga hajigangi. Akaleta ndoo na kigoda, akapanda, kigoda cha futi mbili, akaloweka kitambaa. Kisha akakaa na kitambaa mkononi, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akasema, "Mama, peke yangu siwezi." Nikasema nami siwezi. Tukafunga tena, lakini si kwa ufunguo.

Nimefikiri tangu saa hiyo. Siku ile niliwazuia kwa sababu watu walikuwa wanatutazama. Nilidhani nikiachia mimi, wote mtaanguka, na hakuna wa kuwashika. Pengine nilikosea. Pengine nilikuwa sahihi siku hiyo na nikakosea zilizofuata. Wewe ndiye msomi, utaniambia ukifika.

Kwa hiyo omba ruhusa. Nimemwambia shangazi yenu, nimemwambia msimamizi na kofia yake, hata fundi viatu nimemwambia, maana ameshajua mengi mno. Buibui ataosha lile dirisha, ndani na nje. Mimi nitashika kigoda. Kaniambia, "Mama, hapa mtu akianguka hafi." Nikamwambia, hapa mtu akianguka anapigwa. Likishang'aa, tutawasha redio moja, yoyote itakayokubali, na tutamlilia baba yenu kwa sauti, dirisha likiwa wazi, na wanaotaka kutazama watazame. Mimi nitaanza. Nikianza, nawe ingia, usisimame mlangoni.

Kila mtu aje na leso yake, zangu sikopeshi. Mnangojewa wote Jumamosi, tarehe 28, saa nne asubuhi.

Mama yenu